Tulihesabu Watu Siku ya Msiba

Mkuu wa idara ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa mipango ya usafiri wa mijini. Akasema niwe mfupi na niwatie moyo. Moyo nitawatia. Ufupi sijauzoea, na kwa kuwa nimeshastaafu hakuna wa kunipa karipio.

Mimi ni Zawadi Kalinga, Mhehe wa Iringa niliyezeekea Mbeya. Msinitafute kwenye orodha ya wahadhiri, sikuwa mhadhiri. Nilikuwa fundi sanifu wa idara, yule anayewatoa wanafunzi darasani na kuwakalisha barabarani wahesabu magari, baiskeli, mikokoteni na watu wanaotembea. Waliopita mikononi mwangu waliniita Mama Fomu, wakidhani sijui.

Naanza na viatu, maana najua mtakuja na raba nyeupe. Miaka yote nimeona raba nyeupe zikizikwa kwenye tope la Mbeya na wenye raba wakiniangalia mimi, kana kwamba mvua nimeileta kwenye mkoba. Vaa buti. Kaa mahali ambapo jua la asubuhi liko mgongoni kwako. Usihesabu peke yako zaidi ya saa moja, macho yanachoka na mkono unaanza kuchora mistari yenyewe. Chai kunywa kidogo, kwa sababu choo kiko mbali na magari hayatakusubiri. Halafu salimia. Kule Iringa ukikaa kwenye kona ya watu na daftari bila kusema kamwene, utahesabu watu huku na wenyewe wanakuhesabu wewe, na mwenyekiti wa mtaa atafika kabla hujamaliza ukurasa.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Mahenge, mhesabuji wa zamani aliyenipokea Iringa nikiwa msichana. Yeye hakuamini kalamu. Alikuwa na maharage mfukoni, mekundu kwa magari na meupe kwa watu, na bakuli mbili miguuni. Gari likipita, harage jekundu bakulini. Mwisho wa saa anahesabu, anaandika. Hakukosea. Siku moja tumekaa karibu na kibanda cha mama ntilie, saa ikaisha, mzee akainuka kujinyoosha. Kurudi, tukakuta kuku wawili wamesimama juu ya bakuli na magari yote ya saa tatu hadi saa nne yameshaliwa. Mimi nikasema tukadirie tu, nani atajua. Mzee Mahenge akanitazama mpaka nikaona aibu, kisha akaniamuru niandike pembeni ya fomu: saa tatu hadi saa nne hakuna hesabu, kuku. Nikaandika. Ile fomu ilifika ofisini hivyo hivyo, na bosi wetu aliisoma akacheka mpaka akavua miwani.

Vifaa vilibadilika baadaye. Kikaja kidude cha kubonyeza, zikaja simu, zikaja kamera za kufunga kwenye nguzo. Sizichukii kamera. Ila kuna moja ilimwona mama mwenye mbao kichwani akivuka barabara, ikamwandika pikipiki. Na kuna makosa ambayo hayahitaji hata kamera. Mwaka fulani tulipewa vizibao vya kung'aa, tukavivaa kwa fahari, tukajipanga kwenye makutano ya Mwanjelwa. Bodaboda wakituona kwa mbali wanadhani ni trafiki, na nusu yao hawana kofia, basi wanachepukia vichochoroni. Jioni takwimu zetu zilionyesha kwamba Mwanjelwa haina bodaboda. Mwanafunzi mmoja aliandika kabisa kwenye ripoti kwamba wananchi wa pale wanapendelea kutembea. Nilimwambia anyanyue macho tu dirishani.

Hayo tunacheka. Sasa niwaambie kosa ambalo sikulicheka, na ni langu.

Alikuwepo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Neema Sanga, binti wa fundi seremala wa Mafinga. Mpole wa sauti, ila akishika jambo hakuachii. Utafiti wake wa kumalizia shahada ulikuwa kwenye mtaa mmoja wa pembezoni mwa Mbeya, niuite Itongo. Mtaa huo unakatwa na korongo lenye kijito. Upande mmoja zipo nyumba, upande wa pili ipo shule ya msingi, soko, na njia ya kuja chuoni. Watu walivuka kwa magogo mawili yaliyolazwa juu ya maji. Barabara ya mtaa ilikuwa inakwenda kutengenezwa, na kwenye michoro kulikuwa na kidaraja cha waenda kwa miguu hapo korongoni. Injinia wa mradi, mtu mstaarabu mwenye haraka zake, alimwambia Neema wazi: niletee idadi ya wanaovuka. Wakiwa wengi daraja linabaki, wakiwa wachache nalifuta, michoro inafungwa mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo mnaona uzito wa ile fomu. Daraja zima lilikuwa juu ya karatasi yetu.

Tukaenda Ijumaa. Tukakaa tangu alfajiri na mwavuli wetu. Hakuna watu. Anapita mmoja, tunakaa, tunakaa, anapita mwingine. Maduka yamefungwa. Akina mama wamejifunga kitenge, wamebeba kuni na unga kwenye madishi, wote wanaelekea juu, upande wa nyumba, hakuna anayeshuka korongoni. Vijana wanapita na majembe na sururu. Mtu yeyote aliyeishi Mbeya wiki mbili anajua maana yake. Kuna msiba, na siku ya maziko mtaa wote unahamia kwa mfiwa. Hafungui mtu duka, haendi mtu shamba. Mimi nimeishi Mbeya kuliko nilivyoishi kwetu. Nilijua kabla jua halijatoka vizuri.

Neema naye alijua. Jioni, wakati anakusanya karatasi ambazo hazikujaa hata ukurasa, aliniuliza, "Mama, lakini si wako msibani?"

Nikamjibu, "Fomu haina sehemu ya msiba. Lete nisaini, dereva anataka gari lake."

Nikasaini. Nilikuwa nimechoka, nimelowa mvua ya mchana, na gari la chuo lilikuwa limeombwa na watu wengine Jumamosi. Hizo ndizo sababu zangu zote. Jumatatu idadi ikaenda kwa injinia, na injinia akapiga mstari mwekundu juu ya daraja.

Getini kwa chuo alikuwepo mama mmoja muuza maandazi, Mama Atupele, anayekaa Itongo. Wanafunzi walimpenda ingawa alichelewa kila siku, maana kwanza alimpeleka shule mtoto wake Gwakisa, mwenye ulemavu wa miguu. Jumanne Neema alikwenda kununua maandazi, akamuuliza kuhusu ile Ijumaa. Mama Atupele akamwambia, "Ijumaa tulikuwa msibani sote, mwanangu. Alifariki bibi wa watu hapo juu. Ila mimi hata siku za kawaida sipiti pale. Nitampitishaje Gwakisa kwenye magogo? Nazunguka naye mgongoni. Anakua, naona mwakani sitamweza, na shule itaishia hapo."

Neema alikuja ofisini kwangu na andazi mkononi, hajaling'ata. Akanieleza yote, pamoja na maneno ya Mama Atupele. Kisha akasema, "Mama, nataka kuifuta idadi yangu."

Nikamwambia afikirie vizuri. Akiirudia hesabu hataiwahi tarehe ya kukabidhi utafiti, na asipokabidhi hahitimu na wenzake. Baba yake Mafinga alishaalika ukoo mzima. Akasema anajua. Akasema kitu kimoja tu kinamkwamisha: barua ya kuifuta haiwezi kuwa yake peke yake, kwa sababu saini iliyo chini ya fomu ni yangu.

Vijana, niliogopa. Nilibakiza muda mfupi kustaafu, na hapa natakiwa niandike kwa mkono wangu kwamba nilisaini hesabu nikijua ni mbovu. Nilimwambia anipe hadi kesho. Alitoka, akaliacha lile andazi mezani, na nililitazama mpaka saa ya kufunga ofisi. Nilimkumbuka Mzee Mahenge na kuku wake. Yeye aliona aibu kukadiria saa moja ya magari, na mimi nimeuficha msiba wa mtaa mzima. Niliandika barua asubuhi yake. Injinia alinipigia simu, akasema, "Mama Kalinga, umenishangaza. Haya, mna hadi mwisho wa mwezi." Mkuu wa idara wa wakati huo alinipa karipio la maandishi, na nilistahili.

Safari hii tukafuata utaratibu. Tukampelekea mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwaipopo, barua yenye muhuri, kumjulisha kwamba Jumatano tutakuja kuhesabu wanaovuka korongo, na hesabu hiyo ndiyo itakayoamua daraja. Tulidhani tumefanya jambo la adabu. Mzee Mwaipopo aliisoma ile barua kanisani Jumapili, mbele ya waumini wote.

Jumatano tukashuka korongoni tukakuta umati. Wamevaa nguo za Jumapili. Kwaya ya akina mama imevaa sare. Wanavuka, wanafika ng'ambo, wanageuka, wanavuka tena. Mzee mmoja mwenye suti ya kahawia nilimwona mara nne, na mara ya nne alinipungia. Dada mmoja wa kwaya aliteleza akaingia majini hadi magotini, wenzake wakamtoa, akaendelea kuvuka na sketi inachuruzika. Ukurasa wa kwanza ulijaa kabla sijamenya ndizi yangu.

Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Nilimwambia Neema, "Hesabu, mwanangu. Hawa ndio tuliowataka." Mistari ilikuwa inatosha madaraja mawili. Neema alihesabu kama dakika kumi, kisha akafunga daftari, akaliweka chini ya mkono, akaenda kwa Mzee Mwaipopo aliyekuwa amesimama kwenye ukingo akiwapanga watu.

"Shikamoo mzee wangu. Naomba uwaambie wapumzike. Siwezi kuwaandika."

"Marahaba. Kwa nini? Si mlisema mnataka watu? Hawa si watu?"

"Ni watu, mzee. Ila leo hawaendi popote."

Mzee Mwaipopo alikasirika. Alisema mtaa umeacha kazi zake, alisema wasomi hamjui mnachokitaka, mkiletewa wachache mnafuta daraja, mkiletewa wengi mnafunga daftari. Nyuma yake watu walianza kunung'unika, na mimi nilianza kuangalia gari letu liko wapi. Neema alisimama pale pale, mikono imeshikana mbele, akasikiliza mpaka mzee akamaliza.

Akamuuliza, "Mzee wangu, nisaidie. Wanaoenda mahali, siku za kawaida, wanapita hapa wengi?"

Mzee akashusha pumzi. "Wazima wanapita. Vijana. Wengine utawapitisha kwenye magogo haya? Wanazunguka huko barabara kuu."

Neema akanigeukia. Na mimi ndipo yaliponirudia yale maneno ya Mama Atupele, mimi hata siku za kawaida sipiti pale. Nilikuwa nimeyasikia, Neema aliniletea mezani kwangu pamoja na andazi. Hakuna kati yetu aliyeyaelewa. Tulikuwa tunakwenda kukaa pale kwenye magogo mara ya kwanza, mara ya pili, na tungekwenda hata mara ya kumi, na yule mama asingeonekana kwenye fomu yetu hata siku moja.

Siku chache baadaye, bila barua wala tangazo, tuliwahesabu wanaovuka korongo siku ya kawaida, na kesho yake Neema alibeba kigoda chake akakiweka mbali na korongo, kule njia ya mtaa inapoingia barabara kuu. Alichora safu mpya kwenye fomu kwa rula, akaiandika juu: wanaozunguka. Hakuhesabu tu. Aliwauliza, umetoka wapi, unaenda wapi, mbona hukupitia korongoni. Mjamzito akasema anaogopa kuteleza. Mama wa ndizi akasema beseni haliruhusu. Babu akasema magoti. Watoto wadogo wa shule wakasema mama amekataza. Nilikuwa nampelekea kalamu Neema akaniambia, "Mama, umewahi kuona fomu inajaa hivi?" Nilikuwa nimeiona Jumatano ile tu, ila hawa walikuwa wanakwenda mahali kweli.

Mama Atupele akatokea, Gwakisa mgongoni. Mtoto wa miaka minane, miguu yake imefika magotini kwa mama. Nilimwambia Neema abaki na fomu, mimi nikamsindikiza yule mama njia yote hadi shuleni. Ile ni barabara ya malori ya Zambia. Pembeni hakuna njia ya miguu, kuna ukanda wa kokoto na mtaro. Lori likipita, upepo wake unakusukuma. Mama Atupele kila akisikia lori alisimama, akageuza uso wake kwenye mtaro ili Gwakisa asile vumbi, likipita akaendelea. Alifanya hivyo bila kukatisha maongezi. Nilikuwa nimebeba mkoba tu na nilifika shuleni nahema. Gwakisa akaniuliza kama na mimi nimekuja kusoma.

Neema alimpelekea injinia kurasa zake mwisho wa mwezi. Nilikwenda naye, nikakaa pembeni kama mtuhumiwa. Injinia alitafuta idadi ya wanaovuka, akaikuta, haikuwa kubwa. Akauliza, "Sasa hapa mnanishawishi nini?" Neema akamfungulia safu aliyoichora kwa rula. Akamwambia kwamba wanaovuka ni wale wasiolihitaji sana daraja, wanaolihitaji wako kwenye ukurasa huu. Injinia alisoma jibu moja moja, na haraka zake zote zikaisha. Aliuliza swali moja tu: yule mtoto wa miguu, akipata magongo, atahitaji mteremko wa kiasi gani? Neema alikuwa ameshapima. Mstari mwekundu ukafutwa, na pembeni ya daraja injinia akaandika kwa mkono wake: vishikio pande zote mbili.

Neema hakuhitimu mwaka ule. Baba yake alisafiri na ukoo wake mwaka uliofuata, wakajaza safu mbili za viti na kupiga vigelegele pasipohusika. Leo ni ofisa mipango Iringa, na naambiwa hakuna fomu inayotoka ofisini kwake bila nafasi ya kuandika kilichotokea siku hiyo. Mwalimu wenu wa vitendo nimempa nakala, atawaonyesha. Mtaitumia na mtaiona ina mapungufu yake. Chukueni rula mchore safu zenu.

Mwaka huu nilikwenda kuliona daraja. Si kubwa, mkipita na gari kule juu hamtaliona. Mama Atupele alinikuta nimesimama pale akanishika mkono. Gwakisa yuko sekondari ya kata sasa, ng'ambo ile ile. Nikamuuliza ilikuwaje siku ya kwanza.

Akasema alimfuata nyuma, mikono tayari, Gwakisa anatembea na magongo, anashika kishikio, anapumzika, anakwenda. Walipofika katikati mtoto akasimama bila kugeuka, akamwambia, "Mama, rudi."

"Ukarudi?" nikamuuliza.

"Nilirudi, dada. Nikafika nyumbani mgongo mtupu, sijui niufanyie nini. Nikakaa kizingitini nikalia."

Akaanza kulia tena pale pale darajani, na mimi nikalia naye, watu wakitupisha kwenda zao.